Daftari la Kukwama

Juu ya meza ya jikoni, Gueydan, Luiziana,
bunduki mbili za marisau zimelala mzungu wa nne
kama ndugu waliogombana wakalazwa kitanda kimoja.
Mpunga umekwisha vunwa, mashamba yamefunguliwa maji,
bata wanateremka kutoka Kanada,
na baba yangu, Ovide Theriot, hatawaona.

Zote mbili hujipakia zenyewe.
Ya Italia ina kitako cha mti wa jozi
na mtutu unaong'aa kama jicho la farasi.
Haina haja na gesi: hulidaka teke lake yenyewe,
hulikabidhi spring, hutema ganda, humeza risasi,
na bega lako ndilo linalolipa.
Ya Uturuki ni plastiki tupu.
Hunywa moshi wake, hukusukuma taratibu,
lakini tumbo lake hujaa masizi;
usipoisafisha Jumamosi,
Jumapili itakununia.

"Uza Mturuki," kasema mjomba Onezime,
aliyekuja na kahawa yake na ushauri wake.
"Kizuri chajiuza. Hiki utakitembeza parokia nzima.
Ukipata dola mia mbili, piga ishara ya msalaba.
Rahisi huvunja upishi, Elmire."
Nami nilikuwa karibu kukubali.
Fundi wa mashine ya boti anadai,
na jeneza tumelizika na deni lake.

Lakini katika droo ya ndoana
nilikuta daftari la shule,
mwandiko wa baba umelala upande kama matete:
*Desemba 9. Baridi. Mturuki kakwama, ganda limevimba.*
*Desemba 20. Tope. Kosa langu.*
*Januari 3. Kakwama mara mbili. Bata wamecheka.*

Nikajumlisha.
Mwitalia: mara tatu.
Mturuki: mara arobaini na moja.
Mjomba akapiga meza, kahawa ikaruka. "Umeona?"

Nikafunua ukurasa wa mwisho, alikohesabu risasi.
Mwitalia, kwa miaka minane: tisini.
Mturuki: elfu sita mia moja na hamsini.
Nikagawanya nyuma ya risiti ya chakula cha mbwa.
Mmoja hukwama mara moja katika thelathini,
mwingine mara moja katika mia na hamsini.

Mjomba akanyamaza, kisha akasema,
na ilikuwa haki yake kusema,
kwamba spring ya Italia ilikuwa bado ngumu,
haijapigishwa ikalainika,
kwamba tisini si hesabu.

Kweli, tisini si hesabu.
Ndiyo maana sijui lolote juu yake
ila kwamba baba aliiogopa.
Aliinunua mwaka mchele ulipopanda bei,
akaogopa mvua, akaogopa kucha za mbwa,
akaivisha soksi ya pamba, akaifungia kabatini,
kisha akaenda kwenye matope
na ile ambayo angeweza kuikanyaga kwa bahati mbaya
na kuiomba radhi.

Daktari wa meno kutoka Lafayette alikuja Alhamisi.
Hakuuliza inapigaje.
Aliuliza, "Ina mikwaruzo?"
"Haina hata mmoja," nikasema, na sikudanganya.
Noti zake zilitosha jeneza, zikatosha fundi,
zikabaki za boksi nne za risasi.

Saa kumi na moja na nusu, alfajiri ya msimu,
niko ndani ya maji hadi kiunoni,
mbwa anatetemeka kwa furaha, mimi kwa baridi.
Risasi tatu; sheria hairuhusu ya nne.
Ya kwanza ikaenda. Ya pili ikaenda, bata akaanguka.
Ya tatu:
ganda limeuma mlangoni, nusu ndani, nusu nje.

Nikalichokoa kwa ukucha.
Hapo kwenye plastiki, pembeni ya mlango,
kuna kibonyeo kidogo kilicholainika,
upana wa dole gumba lisilo langu.
Bata wengine walikwisha pita.
Nikatoa kalamu mfukoni, nikang'oa kifuniko kwa meno:
*Novemba 14. Ukungu. Mturuki. Arobaini na mbili.*